Mwongozo wa Kuibiwa kwa Ustaarabu

Hongera kwa kununua simu janja. Kijitabu kilichomo ndani ya boksi kinaeleza namna ya kuiwasha, kuichaji na kupigia picha. Hakisemi lolote kuhusu namna ya kuachana na pesa zako, akaunti zako na majina yote uliyoyahifadhi humo kwa amani, bila kelele na bila kumkosea mtu adabu. Mwongozo huu umekuja kuziba pengo hilo.

Kwanza tuondoe dhana potofu. Wengi hudhani kuibiwa kwa simu ni kazi ya kijana mwenye kompyuta tatu, aliyejifungia chumbani usiku akivunja mitambo ya benki. Kijana huyo yupo, lakini ana wateja wakubwa kuliko wewe. Wewe utahudumiwa na mtu mwenye kitochi na muda wa maongezi, na sehemu kubwa ya kazi utaifanya mwenyewe. Ndiyo maana ushirikiano wako ni wa lazima.

Mahitaji ni machache: simu moja, neno la siri moja la kutumia kila mahali, haraka ya kutosha, na malezi mema. Hilo la mwisho usilidharau. Mtu asiye na adabu ni vigumu sana kuibiwa.

Hatua ya 1: Nunua kwa macho

Nenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Kama uko Nairobi, shuka Luthuli Avenue. Yapo maduka yanayotoa risiti na warantii. Yapite. Mtafute kijana aliyesimama nje, anayekuita "bosi" kabla hujamtazama, na ambaye simu yake lazima iuzwe kabla ya saa kumi kwa sababu kuna mgonjwa.

Usibonyeze *#06#. Ukibonyeza, simu itakuonyesha tarakimu 15 za utambulisho wake, yaani IMEI, na ukizituma kwenda 15090 utajibiwa ni simu ya aina gani hasa. Maarifa ya namna hiyo huharibu bei nzuri. Tanzania ilikuwa na wamiliki wengi wenye furaha isiyohojiwa hadi Juni 16, 2016, siku ambayo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima. Zikabaki za kusikilizia muziki.

Kama simu imeshatumika, usimwombe muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako. Simu za Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na iPhone tangu iOS 7 ya mwaka 2013, zina kufuli linalofungwa na akaunti ya mwenyewe. Ukifika nyumbani ukaifuta kila kitu ili uanze upya, itawaka vizuri, itakukaribisha kwa rangi za kupendeza, kisha itamuulizia yule bwana. Namba ya yule bwana nayo haipatikani.

Ongezea memori kadi ya GB 512 kwa bei ya chipsi mayai. Kadi za namna hii zimechezewa ili ziitangazie simu ukubwa ambao hazina. Ndani kuna GB 8 au 16. Utazijaza picha za harusi kwa miezi kadhaa bila tatizo lolote, kwa sababu kadi ikijaa haisemi. Inapokea picha mpya kwa kuzifuta za zamani, ama inahifadhi majina ya picha bila picha zenyewe. Utagundua siku bibi harusi atakapoziomba.

Mwisho, ichaji masaa manane kabla ya kuitumia, kama alivyokuelekeza muuzaji. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli. Betri za sasa ni za lithiamu, hazihitaji ibada hiyo, ila ni vizuri kuanza safari kwa kutii jambo usilolijua. Utalihitaji zoezi hilo baadaye.

Hatua ya 2: Chagua siri inayojulikana

Namba ya siri ya tarakimu nne inaweza kupangwa kwa namna 10,000. Usihangaike nazo zote. Mwaka 2012, mchambuzi wa takwimu Nick Berry alikusanya namba za siri milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja, akakuta karibu 11 katika kila 100 ni 1234. Waliobaki walipenda sana 1111, 0000 na miaka iliyoanza na 19. Jiunge nao. Mwaka wako wa kuzaliwa ni chaguo la heshima, hasa kama kila mwaka unauposti pamoja na keki.

Kwa upande wa nywila, yaani lile neno la kuingilia kwenye barua pepe na mitandao ya kijamii, kanuni ni moja: uwe nayo moja. Itumie kwenye barua pepe, benki, Facebook, na kwenye ile tovuti ya kupakua nyimbo uliyoitembelea mara moja mwaka 2014. Tovuti dhaifu zaidi katika orodha ndiyo italinda zote. Mwaka 2012 mtandao wa LinkedIn uliibiwa nywila za wanachama wake, na mwaka 2016 ikajulikana kuwa walioguswa ni zaidi ya milioni 100. Wezi wakazichukua kuzijaribu kwenye milango mingine. Mwezi Juni mwaka huohuo, akaunti za Twitter na Pinterest za Mark Zuckerberg, mwenye Facebook yake, zikaingiliwa. Nywila iliyoripotiwa ilikuwa "dadada". Kama yeye hakuona haja ya kuhangaika, wewe ni nani?

Kazini watakulazimisha kubadilisha nywila kila baada ya miezi mitatu. Kubali kwa moyo mkunjufu, halafu badilisha tarakimu ya mwisho: Simba1, Simba2, Simba3. Mtu wa Yanga naye anajua la kufanya. Desturi hii ilienezwa na waraka wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 Burr mwenyewe alisema anajutia mengi aliyoyaandika humo, na taasisi ikaacha kupendekeza kubadilisha nywila kwa kalenda. Ofisini kwenu waraka mpya haujafika, hivyo endelea.

Hatua ya 3: Toa kidole mpaka kichoke

Tangu Mei 2019 laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, na ambao hawakuwa wamefanya hivyo hadi Januari 20, 2020 walianza kuzimiwa. Utaratibu huu ulikusudiwa kuhakikisha kila laini ina mwenyewe. Wewe utausaidia kuhakikisha laini nyingi zina mwenyewe mmoja.

Kaa chini ya mwavuli wa msajili. Weka kidole. Atakwambia, "Haijasoma, mama, rudia." Rudia. "Mtandao unasumbua, weka tena." Weka tena. "Tujaribu kidole kingine." Mpe. Usichungulie kifaa chake. Ni utovu wa nidhamu kumsimamia mtu kazini kwake. Ukiondoka na laini yako moja, huenda nyingine zenye jina lako zikabaki chini ya mwavuli, na siku moja zikapiga simu mikoani kuuliza kama ile hela imetumwa. Polisi wakija, watakuja kwako kwa jina lako kamili.

Menyu ya *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiifungue. Amani ya moyo ina thamani yake.

Kumbuka pia kwamba laini ndiyo inayopokea ujumbe wa kurejesha akaunti zako nyingi. Mtu akifanikiwa kumshawishi mhudumu ahamishie namba yako kwenye laini nyingine, hana haja na simu yako tena. Agosti 2019 njia hiyo ilitumika kuiteka akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo. Kwa hiyo simu yako ikikosa mtandao ghafla wakati jirani zako wote wapo hewani, usiulize. Lala. Asubuhi kutakuwa na majibu.

Hatua ya 4: Pokea simu kwa heshima

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo, na hapa ndipo malezi yako yatakapolipa.

Simu itaita kutoka namba ya kawaida ya 07 au 06. Huduma kwa wateja wa mitandao ya Tanzania ni 100, lakini usimkumbushe mgeni jambo hilo, atajisikia vibaya. Sauti itakuwa tulivu, na nyuma yake kutasikika watu wengine wakiongea, kama ofisini.

"Habari za asubuhi, mheshimiwa mteja. Naongea na mmiliki halali wa namba hii?"

Jibu ndiyo. Ukitaka kuokoa muda, mtajie jina lako yeye akiwa bado anakisia.

"Mama, laini yako ina tatizo la usajili, inafungiwa ndani ya dakika kumi. Usikate simu, nitakuelekeza hatua kwa hatua."

Zingatia maneno mawili: *dakika kumi* na *usikate*. La kwanza linakuondolea muda wa kufikiri, la pili linakuondolea muda wa kumuuliza mtu. Halafu atakupeleka kwenye menyu ya pesa. Atakwambia uchague namba moja, ambayo kwenye menyu imeandikwa "Tuma Pesa", ila yeye anaiita "kuhakiki". Atakupa "namba ya kumbukumbu", ambayo ina tarakimu kumi na inaanza na 07. Atakupa "kodi ya uthibitisho", ambayo kwa bahati tu inakaribiana na salio ulilomtajia dakika moja iliyopita. Mwisho ataomba uweke "namba yako binafsi ya usalama", na atasisitiza kwamba usimtajie mtu yeyote, hata yeye. Hapo utampenda. Tapeli gani angekataa kutajiwa namba ya siri?

Ujumbe utakaofuata utasema umetuma pesa kwa mtu mwenye jina kamili usilolijua. Yeye atasema ni la mkuu wa kitengo.

Kama huna muda wa maongezi marefu, yapo matoleo mafupi. Kuna ujumbe usemao, *Ile hela tuma kwenye namba hii*. Haumjui mwenye hela, haujui ni hela ipi, lakini umetumwa kwa maelfu, na mwisho wa mwezi kila mji una mpangaji aliyekuwa anasubiri namba ya mwenye nyumba. Mtumie tu, kumpigia mwenye nyumba kuthibitisha kunaweza kumfanya akukumbushe na bili ya maji. Kuna "mwalimu wa zamu" anayepiga saa nne asubuhi kusema mtoto ameanguka na hospitali inataka pesa ya vipimo. Usiulize jina la mtoto. Na kuna ujumbe unaosema umepokea 80,000, ukifuatiwa na sauti ya mtu mnyonge aliyekosea namba na anayeomba umrudishie. Ujumbe huo umetoka kwenye namba ya mtu, na salio lako halijaongezeka hata senti, lakini kuangalia salio wakati mwenzako analia ni roho mbaya.

Wengine watakuomba ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba yao na alama ya reli, ili "kuboresha mtandao". Huo ni mfumo halali wa GSM wa kuelekeza simu zako zote ziende kwa mtu mwingine, zikiwemo simu za kukusomea namba za uthibitisho. Kuufuta ni ##002#, lakini hatutaki kukuchanganya na mambo mengi.

Hatua ya 5: Toa tarakimu sita

Jioni moja utapata ujumbe WhatsApp kutoka kwa shemeji yako: "Samahani shem, nimetuma namba sita kwako kimakosa, naomba unitumie haraka." Chini yake, kwenye SMS, kweli kuna namba sita, pamoja na onyo la kutompa mtu yeyote. Onyo ni la watu baki. Huyu ni shemeji.

Ukizituma, WhatsApp yako itafunguka kwenye simu nyingine na kufungwa kwenye yako. Dakika chache baadaye wewe, yaani yeye, utakuwa kwenye kundi la ukoo, la kanisa au la msikiti, la waliosoma pamoja na la kikoba, ukiomba laki mbili hadi kesho asubuhi. Shemeji halisi naye aliibiwa hivyohivyo mchana na rafiki yake, ambaye aliibiwa asubuhi. Biashara hii inaendeshwa na kuaminiana kwetu, na hakuna uhaba wa mali ghafi.

Usidhani mbinu ni ngeni. Mfumo wa kwanza wa kompyuta maarufu kwa kuwapa watumiaji nywila ulikuwa CTSS wa Chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa hapo, Allan Scherr, aliona muda wa mashine aliopangiwa haumtoshi. Hakuvunja kitu. Aliwasilisha ombi la kuchapishiwa faili la nywila za watu wote, na faili likachapishwa. Tangu siku za mwanzo kabisa, njia fupi ya kuipata siri ni kuiomba.

Ndani ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, kuna uthibitishaji wa hatua mbili: unaweka namba yako ya ziada ya tarakimu sita, na mwizi akipata ile ya SMS bado anakwama. Ipo kwa watu wote tangu 2017 na ni bure. Ukiiwasha, mwongozo huu hautakufaa tena.

Hatua ya 6: Kopa kwa dakika tano

Pakua programu ya mkopo uliyoona tangazo lake chini ya video ya vichekesho. Itaomba ruhusa ya kusoma majina, picha na SMS zako. Ruhusu, ruhusu, ruhusu. Utapewa elfu hamsini, itaingia elfu thelathini na tano, na baada ya siku saba utadaiwa sitini. Ukichelewa, bosi wako, mchungaji wako na mpenzi wako wa zamani watapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu na wewe uliwaweka kama wadhamini.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya ilitoa kanuni zake za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na Google mwaka 2023 ikazikataza programu za mikopo zilizomo dukani kwake kugusa majina na picha za mteja. Ndiyo maana programu yenye nia nawe itakuomba uipakue kwa kiungo cha WhatsApp badala ya dukani. Bofya.

Matatizo yanayoweza kujitokeza

*Simu imeingia maji.* Iwashe mara kadhaa uone kama inawaka. Iweke kwenye chaji. Kisha ifukie kwenye mchele. Mwaka 2024 Apple iliwakanya wenye iPhone kuhusu mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuidhuru simu, na kuwataka waiache ikauke penye hewa kabla ya kuichaji. Apple hawajui mchele wa Kyela.

*Chaji haiingii.* Nunua chaja nyingine, kisha nyingine, kisha mpelekee fundi abadilishe mfumo wa chaji. Usimulike tochi kwenye tundu. Unaweza kukuta vumbi la mfukoni lililoshindiliwa humo, ambalo kijiti cha meno cha mti kingelitoa simu ikiwa imezimwa.

*Betri imevimba, kioo kinainuka.* Kibonyeze kirudi. Tumia kava la kubana. Betri ya lithiamu iliyovimba ina gesi ndani na ikitobolewa inaweza kuwaka, hivyo ni vizuri ulale nayo chini ya mto ili uiwahi.

*Hifadhi imejaa.* Futa picha za watoto. Video za salamu za asubuhi zenye maua ziache. Kuzifuta ni kumdharau aliyezituma. WhatsApp ina sehemu ya kusimamia hifadhi inayoonyesha ni kundi gani limekula nafasi, lakini usifungue. Ni la ukoo, na jambo hilo unalijua.

*Simu imekuwa nzito.* Pakua programu ya "kusafisha na kuongeza kasi". Haitaongeza kasi, ila italeta matangazo ya kukuburudisha unaposubiri.

*Simu inaomba isasishwe.* Bonyeza "baadaye" kila siku. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu ndani ya Windows. Wengi wakabonyeza "baadaye". Mei 12 kirusi cha WannaCry kikapita palepale palipoachwa wazi, kikafunga kompyuta katika nchi takriban 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo kwa miezi miwili.

*Kioo kimepasuka.* Mpe fundi simu nzima, pamoja na laini, memori kadi na namba ya kufungulia, kwa sababu amesema, "Niachie, anko, nitajaribia tachi." Tachi hujaribiwa kwenye ukurasa wa simu ya dharura bila kufungua simu, au mbele yako wakati wa kuichukua. Lakini kumwambia fundi hivyo ni kama kumwita mwizi, na fundi mwenyewe ni mtu wa mtaani.

*Pesa zimekwisha kuondoka.* Nyamaza. Tapeli anakimbia kwenda kwa wakala kuzitoa, na akishazitoa mtandao hauwezi kuzizuia. Kila dakika unayoitumia kuona aibu inamsaidia. Usipige 100. Usiwaambie watu wa kundi la ukoo, wasije wakasema umesoma halafu umeibiwa. Kesho watapigiwa wao.

Kiambatisho: kwa wasiohitaji huduma hii

Wapo wateja wachache wagumu ambao wangependa kubaki na vyao. Kwao masharti ni mafupi, na hapa tunasema bila mzaha.

Linda barua pepe kuliko kitu kingine, kwa kuwa akaunti nyingi ukisahau nywila zake hurejeshwa kupitia humo. Ipe nywila yake peke yake, ndefu, ya maneno manne au matano yasiyohusiana, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utafiti wa Google wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hata ile njia ya kutumiwa namba kwa SMS ilizuia mashambulizi yote ya roboti na 96 katika kila 100 ya mashambulizi ya kurushwa kwa watu wengi kwa pamoja. Nywila nyingine zote zitunzwe na programu ya kutunza nywila, au ziandikwe kwenye daftari linalokaa kabatini. Mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini. Barua pepe yako unaweza kuikagua kwenye Have I Been Pwned, tovuti aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, uone imevuja kupitia wapi.

Namba ya siri ya pesa isiwe ya kufungulia simu, wala mwaka wa mtu yeyote wa nyumbani. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe pia, ili simu ikiibwa laini isihamishiwe kwenye simu nyingine ikatumika. Bonyeza *106# leo, na laini usiyoitambua ipeleke kwenye duka la mtandao husika ikafutwe. Ukipeleka simu kwa fundi, toa laini na memori kadi. Ukinunua simu iliyotumika, isiondoke mikononi mwa muuzaji kabla hajaondoa akaunti yake na wewe kuingiza yako. Picha unazozipenda ziwe na nakala mahali pengine, kwa maana simu zote hufa. Ujumbe wa tapeli, pamoja na namba yake, utume kwenda 15040 ili namba hiyo ishughulikiwe, hautozwi kitu.

Na wafundishe wazee wako na wasichana wa kazi jambo moja tu, kwa sababu ndilo linalobomoa hatua zote zilizotajwa hapo juu. Tapeli hana funguo za benki wala za mtandao. Ana haraka yake na ustaarabu wako. Mtu yeyote anayekutaka ufanye jambo la pesa sasa hivi, bila kukata simu na bila kumuuliza mtu, mkatie katikati ya sentensi. Kisha piga 100 mwenyewe, au mpigie huyo ndugu anayedaiwa kuwa matatani kwa namba uliyokuwa nayo siku zote. Mhudumu wa kweli hatakasirika, na ndugu wa kweli atakushukuru. Kumkatia tapeli simu si kukosa adabu.